Motokaa ya Matembezi: Mpya au Iliyokwisha Tumika?

Katika mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani palikuwa na ubishi mkubwa. Tumekusanya fedha za kukinunulia Chama cha Jiografia motokaa ya matembezi, yenye jiko, tangi la maji na vitanda vya kukunja, ili wanafunzi waende kwa zamu kuona Ziwa Bunyonyi na maporomoko ya Murchison bila gharama ya hoteli. Wengine wanataka mpya, shule ipate sifa. Wengine wanataka iliyokwisha tumika, kwa kuwa ni rahisi. Nami naomba nafasi niseme machache.

Naunga mkono iliyokwisha tumika, lakini si kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba motokaa mpya hupungua thamani upesi. Mara nyingi mwaka wa kwanza tu hupoteza kama sehemu moja katika tano ya bei yake. Lakini fedha tutakazookoa si faida ya kutia mfukoni. Ni fedha za matengenezo.

Najua haya kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua motokaa ya namna hiyo. Rangi iling'aa, na muuzaji alijaa maneno matamu. Nilisahau kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usiku mmoja tulitoka Kabale, watoto wamelala nyuma, na karibu na Lyantonde mpira ukapasuka. Mungu alitunusuru, hatukupinduka. Asubuhi fundi akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwa mpira: 1208, yaani juma la 12 la mwaka 2008. Ulikuwa umepita miaka kumi, ijapokuwa meno yake yalionekana mazima. Mvua ilipokuja, dari nayo ikavuja, na mbao za vitanda zikaonekana zimeoza.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kulipa hata shilingi moja, twende na fundi wetu wenyewe, si wa muuzaji. Asome tarakimu za mipira yote, pamoja na ule wa akiba. Abonyeze mbao za kuta na dari kutafuta unyevu. Ajaribu breki. Asiiamini mita ya mwendo peke yake, maana huweza kurudishwa nyuma. Adai kitabu cha matengenezo. Tena, kama tutaagiza ng'ambo, tukumbuke kwamba tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza motokaa iliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa.

Mpya ina dhamana ya kiwanda, hilo silikatai. Lakini tukimaliza fedha zote kwa kuinunua, tutakosa za petroli na matunzo, nayo itakaa chini ya mwembe ikipigwa picha tu.

Watakaolala ndani yake ni wadogo zetu. Sifa ya shule ni kuwarudisha wote salama.