Aibu Iko Mwaloni, Haiko Ukumbini

Mwanafunzi wangu wa uzamivu alialikwa Ulaya kuwasilisha utafiti wake juu ya ngono inayodaiwa ili mwanamke auziwe samaki katika mialo ya Mwanza. Barua yake ya kuomba ruhusa ya kusafiri ilipofika katika ofisi moja, aliulizwa: "Binti, kwa nini ukaseme mambo ya chumbani ya Watanzania mbele ya wageni?"

Swali hilo lina wafuasi wengi, wasomi wakiwamo. Nalijibu.

Kwanza, mambo hayo si ya chumbani. Mchuuzi wa dagaa anayeambiwa kwamba hapati mzigo mpaka akubali kulala na mvuvi hayuko chumbani, yuko sokoni. Hilo ni suala la mtaji: nani anamiliki mtumbwi na nyavu, na nani anaamua samaki wauziwe nani. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Wakenya wameliita jambo hilo jaboya na kulijadili hadharani. Mwaka 2011 akina mama wa ufukwe wa Nduru, karibu na Kisumu, wakaanza kumiliki mitumbwi yao wenyewe. Mficha uchi hazai.

Pili, dunia imekwisha kujifunza kutoka Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti uliofanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani humu ulionesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet. Baadaye ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, mashuleni na zahanati. Vijana waliongeza maarifa, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Somo hilo ni chungu, nalo linatulazimisha kuuliza: ni nini kinachomfunga mtu anayejua hatari lakini hawezi kuikwepa? Hilo ndilo swali la mwanafunzi wangu. Wanavijiji wasingalikubali kuulizwa mambo ya chumbani, tusingalijua lolote kati ya haya.

Tatu, nami nina kosa la kukiri. Niliogopa safari isikwame, nikamshauri aondoe neno "ngono" katika kichwa cha mada na kuweka "changamoto za kijamii". Alinitazama, akasema: "Mwalimu, wale akina mama walinitajia jambo hilo kwa jina lake. Mimi nitalifichaje?" Sikuwa na jibu. Kichwa kilibadilishwa, na ruhusa ikatoka upesi. Kumbe tatizo halikuwa safari, wala gharama, wala heshima ya taifa. Tatizo lilikuwa neno.

Taifa linaloona aibu kusikia neno, lakini halioni aibu kwamba jambo lenyewe linatendeka kila alfajiri boti zinaporudi, limeiweka aibu mahali pasipostahili.

Kwa hiyo naomba mawili. Watumishi wa umma, pimeni utafiti kwa ubora wake, si kwa haya zenu. Nasi wahadhiri, tusiishie Ulaya: matokeo yaanze kusomwa kwa Kiswahili pale Kirumba, mbele ya wavuvi, wachuuzi na madiwani. Baada ya hapo binti huyu na apande ndege, akiwa na kichwa chake cha kwanza.