Swichi kubwa imezimwa, mbona mita yasoma volti 80?

Fundi amezima swichi kubwa. Taa zimezimika, friji imenyamaza. Anafungua sanduku la swichi, anagusisha mita yake ya tarakimu, nayo inasoma volti 80! Mama mwenye nyumba anashtuka, lakini fundi anacheka: "Mama, hiyo si kitu."

Je, msomaji, ni kweli si kitu? Huenda ni kweli, na huenda maneno hayo yakaleta matanga.

Mara nyingi stima hiyo huwa ni mzuka tu. Waya uliozimwa ukipita sambamba na waya wenye stima, tuseme wa jirani wa ghorofa ya juu katika bomba moja, huambukizwa stima kidogo ingawa nyaya hizo hazigusani. Mita za tarakimu aghalabu huwa na ukinzani wa omu milioni 10, hivyo huweza kusoma hata stima hiyo hafifu. Volti 80 katika mita ya aina hiyo ni sehemu 8 tu za milioni moja ya ampea, ambazo haziwezi kuwasha balbu.

Lakini kuna stima nyingine isiyo mzuka. Nyumba nyingi mijini siku hizi zina jenereta, betri na inveta, au sola. Kuna inveta ambazo huamka zenyewe pindi tu swichi kubwa inapozimwa! Zikiwa zimeunganishwa ovyo, hurudisha volti 240 kamili katika nyaya ambazo fundi anadhani zimekufa. Pia huenda waya wa jirani uliungwa na wako zamani bila wewe kujua. Tena kumbuka kwamba nyaya zinazoingia kwenye swichi kubwa kutoka kwa mita ya kampuni ya stima hubaki na stima hata swichi hiyo ikizimwa.

Basi fundi atatofautishaje? Si kwa testa ya bisibisi, kwa sababu kitaa chake chaweza kuwaka hata kwa mzuka. Fundi stadi hujaribu kipimo chake kwanza mahali anapojua pana stima, kisha hupima waya uliozimwa, halafu hurudi pale pa kwanza kuhakikisha kipimo hakijaharibika. Akipata volti asizotarajia, hutumia kipimo chenye ukinzani mdogo. Mzuka hutoweka papo hapo. Stima ya kweli hubaki. Ikibaki, kazi husimama hadi chanzo kijulikane.

Kwa hivyo usijipimie mwenyewe, wala usiwaruhusu vijana wanaosomea ufundi wajaribu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, na umweleze mapema kuhusu inveta, sola au jenereta yako. Akikwambia volti hizo si kitu, mwombe akuonyeshe zikitoweka kabla hajagusa waya. Tahadhari kabla ya hatari.