UKURASA WA WAZAZI: Mtoto aeleze kwanza nyumbani



Watoto wetu wa sekondari wanapewa kazi ya kutafiti wenyewe, halafu wanasimama kuieleza mbele ya darasa. Ndiyo ile wanaita eksipoze. Wengi wetu tunajiweka pembeni: "Mimi sikusoma, Kifaransa sikijui, nitamsaidia nini?" Jamani, wewe ambaye hukusoma ndiye msikilizaji wa kwanza anayehitajika. Mtoto akikueleza kwa Kiswahili au Kibembe ukaelewa, basi kazi anaijua. Usipoelewa, huenda amekariri tu.

Tuchukue mfano. Binti amechagua kueleza jinsi jua linavyosafisha maji ya kunywa. Chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, inajazwa maji na kulazwa kwenye jua kali kwa masaa 6. Mawingu yakiwa mengi, inaachwa siku 2 mfululizo. Mionzi ya jua inaua vijidudu.

Sasa mwulize kama jirani angeuliza. Kwa nini isiwe ndoo? Maji ya matope je? Ajibu mwenyewe: ndoo haipitishi mwanga, na matope yanazuia mionzi, kwa hiyo maji yachujwe kwanza mpaka yawe maangavu. Halafu akisema "saa sita", wengine watafikiri ni adhuhuri. Aseme wazi: "Tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 9 mchana."

Mpangilio usiwe mgumu:
1. Nilitaka kujua nini, na kwa nini.
2. Nilifanya nini.
3. Niliona nini.
4. Inatusaidia nini sisi hapa.

Aandike maneno machache tu kwenye karatasi ndogo, asisome daftari zima. Aende na chupa yenyewe mkononi. Mikono yenye kazi haitetemeki sana. Arudie mara 3 akiwa amesimama, ya mwisho kwa Kifaransa, na mtu amwangalizie muda. Wadogo zake wasimcheke. Akiulizwa asilolijua, aseme, "Hilo sikulipima." Si aibu, ni ukweli.

Jambo la mwisho ni zito. Binti anayetoka kwenye foleni ya bomba, akaenda kuni, akapika, akaosha vyombo, atajiandaa saa ngapi? Usiku taa hakuna. Kesho yake anasimama mbele ya darasa, sauti haitoki, wanafunzi wanacheka, na wiki inayofuata anasema shule haitaki tena. Sisi tunasema mtoto ni mvivu, kumbe hatukumpa hata saa moja ya mchana.

Basi wiki hiyo kaka zake wabebe madumu. Baba naye akae kwenye kigoda, asikilize mpaka mwisho, ndipo aulize.

Tukutane mwezi ujao.