Mwamba Una Wenyewe



Sisi wa Katuba hatukulelewa penye miamba. Kilima tukijuacho ni kile cheusi cha masalio ya shaba, nacho kilimwagwa na watu. Kwa hiyo kikundi kipangapo safari ya kwenda Kundelungu kuyaona maporomoko ya Lofoi, ambako maji huanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, kila mmoja hutamani kuparamia jiwe na kupigwa picha juu yake. Hatuwakatazi. Twaomba kwanza mtazame juu.

Katika mbuga ya Hell's Gate, nchini Kenya, watu hupanda miamba kwa kamba, na katika genge za mbuga hiyo hiyo hutaga tumbusi wa Rüppell, tai mla mizoga. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na wazazi wote wawili hupokezana kuliatamia kwa karibu miezi miwili. Mtu akitokeza ghafla ukingoni, mzazi huruka, yai likabaki juani au likadonolewa na kunguru. Dakika chache za mpandaji zimemaliza mwaka mzima wa ndege wawili.

Yupo atakayesema kwamba tumbusi ni ndege mchafu, akipungua hakuna hasara. Hatukubaliani naye hata kidogo. Mzoga usiosafishwa na tumbusi huachiwa mbwa na nzi. Tena ndege huyu si wa kudharauliwa: mwaka 1973 mmoja wao aligongana na eropleni ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000! Tangu 2015 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Katika Afrika ya Mashariki wengi wao hufa kwa sumu iliyotiwa katika mizoga ili kuua simba na fisi. Anayeuawa malishoni asifukuzwe na nyumbani.

Wala hatusemi miamba yote ifungwe. Huko Uingereza wapandaji wenyewe, kupitia chama chao, hukubali kuiacha miamba fulani wakati kozi wanapolea makinda, kisha hurudi makinda wakisharuka. Basi viongozi wa vikundi wamwulize mlinzi wa mbuga, kabla ya kupanda, ni wapi penye viota. Manati nayo ibaki Katuba, ingawa hata kwa kunguru wa mapaa yetu hatuoni ina kazi gani.