Siku Tatu Hazitoshi Loliondo

Wengi mnaijua Loliondo kwa kikombe cha Babu, 2011. Mimi naikumbuka kwa kosa namba 1236.

Nilikuwa field, shule moja karibu na Wasso. Alama zilikaa kwenye seva kuu mjini, sisi tulikuwa na seva ya nakala, zote MySQL. Seva kuu huandika kila badiliko kwenye logi. Nakala huisoma na kufuatisha. Mtandao ukakatika siku tano. Uliporudi, nakala ikaomba logi kuanzia pale ilipoishia. Haipo! Mjini walikuwa wamepanga logi zifutwe kila baada ya siku tatu, eti kuokoa diski. Tukazima, tukawasha, wapi. Ilibidi tuletewe data nzima upya, na wiki hiyo yote binti mmoja alisomeka hana alama ya Hisabati, na mtihani alifanya.

Kila mtu alilaumu mtandao. Mimi nakataa. Mtandao kukatika huku si habari mpya. MySQL 8 ukiiacha ilivyo hutunza logi siku 30. Kuna mtu alipunguza kwa kupima maisha ya mjini.

Kutunza milele nako si dawa, diski itajaa. Chukueni katizo refu kuliko yote mliyowahi kupata, zidisheni mara mbili, mwone kama diski inabeba. Na nakala ikichelewa siku moja, kengele ilie mjini.

Walimu watarajiwa tunalijua hili: hufuti ubao kabla wa dawati la nyuma hajamaliza kunakili.