Kimeta cha Yamal Hakikuletwa na Joto Peke Yake

Mwaka 1951 mwanafunzi wa mikrobiolojia aitwaye Johan Hultin, mzaliwa wa Sweden aliyekuwa akisoma Iowa nchini Marekani, alikwenda Alaska kufukua kaburi la pamoja. Katika kijiji ambacho leo kinaitwa Brevig Mission, homa ya mafua ya Novemba 1918 iliua watu 72 kati ya wakazi wapatao 80, na kwa siku chache tu. Wazee wa kijiji walimruhusu. Ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe, ikambidi awashe moto juu ya kaburi ili udongo ulegee, achimbe kidogo, kisha awashe tena. Alirudi Iowa na vipande vya mapafu, akavipandikiza kwenye mayai ya kuku na kuwaambukiza vicheche wa kufugwa. Hakuna aliyeugua. Kirusi kilikuwa kimekufa.

Alirudi tena kwenye kaburi hilo mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 72, safari hiyo kwa fedha zake mwenyewe, akiwa amebeba mkasi wa bustani wa mkewe. Alipata mapafu ya mwanamke mnene ambaye mafuta ya mwili yalikuwa yameyahifadhi. Sampuli hizo zilimsaidia mtafiti Jeffery Taubenberger na wenzake kusoma chembe za urithi za kirusi kile hadi mwisho, na mwaka 2005 wataalamu wa Marekani wakakiunda upya maabarani kikiwa hai. Kwa hiyo kirusi kilichoua mamilioni mwaka 1918 kimerudi duniani kweli, ila kimerudishwa na binadamu waliovaa glavu. Barafu ilitunza maandishi yake tu.

Inafaa kukumbuka kisa hicho kila inaposambaa habari ya “virusi zombi” vinavyoamka Siberia. Habari yenyewe si ya uongo. Watafiti Jean-Michel Claverie na Chantal Abergel wa Ufaransa walitangaza mwaka 2014 kwamba wamefufua kirusi kikubwa kilicholala miaka 30,000 katika ardhi iliyoganda, na mwaka 2023 wakaongeza aina nyingine 13, mojawapo ikikadiriwa kuwa na miaka 48,500. Kinachosahaulika ni chambo walichotumia. Walitega amiba kwa makusudi, ili wanase virusi vinavyoshambulia amiba pekee na wasije wakaamsha kitu chenye madhara kwa mtu. Walichothibitisha ni kwamba virusi vya namna fulani, vyenye ganda imara, vinaweza kudumu muda mrefu kiasi hicho. Kutoka hapo hadi kwenye janga la dunia nzima bado ni mbali sana.

Janga ambalo limekwishatokea lilikuwa la ugonjwa unaojulikana tangu zamani. Julai 2016, katika rasi ya Yamal kaskazini mwa Urusi, joto lilipanda hadi kukaribia nyuzi 35. Wanenets wa huko huishi kwa kuhamahama na makundi ya reinidia, wanyama wa jamii ya kulungu wanaowapa nyama, ngozi na usafiri. Wanyama walianza kuanguka mmoja mmoja, kisha kwa mamia. Waliokufa walizidi 2,000. Makumi ya watu walilazwa hospitalini na mvulana wa miaka 12 akafariki. Wanajeshi waliovalia mavazi ya kujikinga walipelekwa kuteketeza mizoga. Kilikuwa kimeta.

Maelezo yaliyoenea ni mepesi: joto liliyeyusha udongo, mizoga ya zamani ikafunuka, spora za bakteria wa kimeta zikaingia malishoni. Yamkini ndivyo ilivyokuwa. Ila kuna jambo la pili, nalo lina uzito uleule. Kwa kuwa kimeta hakikuwa kimeonekana Yamal tangu 1941, chanjo ya reinidia ilisitishwa mwaka 2007. Kundi lililokutwa na joto la 2016 lilikuwa na miaka tisa bila kinga. Baada ya vifo chanjo ilirudi haraka, ikatolewa kwa mifugo laki kadhaa. Mtu anayesimulia mkasa huu kama kisa cha tabianchi peke yake anawapa nafuu wasiyostahili wale waliositisha chanjo.

Kimeta hakihitaji barafu, na hilo wafugaji wa Ngorongoro, Tanzania, hawana haja ya kuelezwa na mtu wa Siberia. Spora zake hukaa ardhini kwa miongo, jua liwake au mvua inyeshe. Waingereza walijaribu mabomu ya kimeta katika kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942, na kisiwa hicho kilibaki marufuku hadi 1990, baada ya udongo wake kumwagiwa fomalini. Hakuna ardhi iliyoganda pale. Kinachoongezwa na Aktiki ni wingi na usahaulifu: mwanzoni mwa karne iliyopita kimeta kiliua reinidia zaidi ya milioni moja kaskazini mwa Urusi, na kwa kuwa chini kulikuwa kugumu, mizoga mingi ilifukiwa juujuu. Sasa tabaka linaloyeyuka kila kiangazi linazidi kwenda chini. Eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979.

Ndiyo maana fedha zinazoombwa kwa ajili ya kuwinda virusi vya kale zingefaa zaidi kwenye kazi isiyo na mvuto wa magazeti: kuchora ramani ya makaburi ya mifugo, kuchanja kila mwaka hata kama hakuna mnyama aliyekufa, kuwapa madaktari wa mifugo helikopta na mafuta. Hata hofu ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa kutoka ardhi iliyoganda ni vivyo hivyo. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kuwa vinasaba vya usugu vilikuwamo katika udongo wa miaka 30,000 kutoka Yukon, Kanada. Ni ugunduzi mzuri, lakini usugu unaoua wagonjwa leo unatengenezwa mahospitalini na kwenye mabanda ya kuku.

Claverie ana hoja moja isiyopuuzika. Kuyeyuka kwa kawaida hugusa tabaka la juu. Migodi huchimba mamia ya mita, hadi kwenye udongo ambao binadamu hajawahi kukutana nao, na huleta vibarua wanaoishi kambini kwa kubanana kisha wakarudi mijini. Akipata homa mmoja wao, nani atajua mapema? Ufuatiliaji wenyewe umekuwa mgumu: karibu theluthi mbili ya ardhi ya Urusi imekalia udongo ulioganda, na Machi 2022, kwa sababu ya vita vya Ukraine, nchi nyingine saba za Baraza la Aktiki, jukwaa la ushirikiano la nchi za eneo hilo, zilisimamisha vikao na Moscow. Baadhi ya kazi zimerejea tangu hapo, kwanza kwa njia ya maandishi kisha mtandaoni, lakini mtafiti wa Magharibi bado hawezi kufika Yamal kuchukua sampuli kama alivyoweza awali, wala kupata takwimu za mifugo kwa wakati.