Kuku wa Mtoto

Akina mama wengi wa pwani yetu ya Mtwara, toka Mikindani hadi Msimbati, huwagawia watoto kuku. Mtoto hupewa mtetea mmoja akaambiwa, "Huyu ni wako." Ni desturi njema. Anajifunza kufungua banda alfajiri, kuweka maji safi kivulini, na kuhesabu siku 21 tangu kuku aanze kuatamia. Bwana wetu alipoisikitikia Yerusalemu alitoa mfano wa kuku akusanyaye vifaranga wake chini ya mabawa. Mtoto aliyemwona kuku wake akipigana na mwewe hahitaji kuelezwa maana yake.

Lakini somo kubwa anatazamia kwetu. Mgeni akifika jioni na kuku aliye karibu ni wa mtoto, tunafanya nini? Wengi wetu tunachinja kwanza, tukimwahidi atapata mwingine. Hapati! Basi tusishangae akianza kuficha chenji ya dukani. Tumwombe kwanza, au tumlipe.

Jaribu gumu zaidi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, hushusha mabawa, huharisha kijani, wengine hupinda shingo. Hapo ndipo watu hukimbilia kuwauza wale ambao bado wanasimama, na anayetumwa kuwabeba ni mtoto. Kwa mikono yake jirani anauziwa hasara, na ugonjwa unaingia kijiji cha pili. Yatupasa kuwaacha kuku nyumbani, waliokufa tuwachome au tuwafukie chini sana, na majirani tuwaambie siku ile ile, hata kama ni aibu.

Mdondo hauna dawa, ila una chanjo. Ipo ya matone inayovumilia joto kuliko zile za zamani: tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima tu. Mwulizeni mtaalamu wa mifugo wa kata. Siku hiyo mtoto amshike kuku wake mwenyewe, taratibu, mabawa yamebanwa, kisha anawe mikono kwa sabuni. Inafaa nyumba kadhaa zipatane tarehe na kuchangia, kwa sababu chupa moja yatosha kuku wengi kuliko wa mji mmoja, na ikishafunguliwa haikai siku nyingi.